Mali Bila Daftari: Wazee wa Besiboli ya Mezani Nchini Marekani na Masimulizi ya Maisha Yao

Utangulizi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuifafanua darasani kwa mifano ya duka, mkopo na hesabu za biashara. Katika makala haya tunakusudia kuitazama kwa jicho la historia, kwa kuchunguza kundi la watu wasiojulikana sana katika nchi zetu. Hawa ni wazee wa Marekani waliocheza besiboli ya mezani, kwa kadi na dadu, kwa miaka arobaini, hamsini na hata sitini, na ambao wakikutana husimuliana maisha yao kwa kupitia mchezo huo.

Hoja yetu ni kwamba mchezo huu ni daftari la aina yake. Mtu aliyeandikwa humo huendelea kucheza hata baada ya kufa, na ambaye hakuandikwa huwa kama hakuwahi kuushika mpira. Kwa hiyo swali la nani aliandikwa na nani aliachwa ni swali la haki. Tutalifikia baada ya kueleza asili ya mchezo wenyewe.

Besiboli si ngeni kabisa hapa Uganda. Mwaka 2011 timu ya watoto kutoka Kampala ilishinda mashindano ya kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika, lakini ikakosa viza ya kwenda Marekani. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifika Williamsport, katika jimbo la Pennsylvania, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika huko. Kwa wasomaji ambao hawajauona mchezo huu, inatosha kusema hivi: mrushaji humrushia mpigaji mpira, mpigaji akiupiga vizuri kwa gongo lake, hukimbia kuzunguka vituo, akifanikiwa kurudi kituo cha nyumbani, timu yake imepata pointi. Karibu kila tendo huanza na mtu mmoja kupambana na mtu mmoja, kwa hiyo ni rahisi kulihesabu. Tangu karne ya 19, kutokana na juhudi za mwandishi wa habari Henry Chadwick, mzaliwa wa Uingereza, magazeti ya Marekani yalizoea kuchapisha jedwali la kila mchezo: nani alipiga, mara ngapi, na matokeo yakawa nini. Bila majedwali hayo, besiboli ya mezani ya aina tunayoizungumzia isingaliwezekana.

Asili ya mchezo wa mezani

Majaribio ya kuihamishia besiboli mezani yalianza mapema. Mengi yalikuwa michezo ya bahati tu, ambamo wachezaji wote walikuwa sawa. Hatua kubwa ilipigwa pale mtengenezaji alipompa kila mchezaji wa kweli kadi yake, yenye uwezo na udhaifu wake. Clifford Van Beek wa Green Bay, jimbo la Wisconsin, alipata hataza ya mchezo wa namna hiyo mwaka 1925. Mchezo wake, ulioitwa National Pastime, ulitoka karibu na mwaka 1930, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umeanguka, na haukudumu sokoni.

Hata hivyo wazo halikufa. Mwaka 1941 Ethan Allen, aliyekuwa mchezaji wa ligi kuu, alitoa mchezo wa All-Star Baseball, ambao ulitumia visahani vya karatasi ngumu na mshale wa kuzungusha. Mwaka 1951 J. Richard Seitz wa Lancaster, Pennsylvania, ambaye ujanani aliujua mchezo wa Van Beek, alianza kuuza mchezo wake wa APBA kwa njia ya posta. Miaka kumi baadaye, mwaka 1961, kijana Hal Richman wa jimbo la New York akaanza kuuza Strat-O-Matic, mchezo alioanza kuubuni akiwa mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Biashara ya Richman ilikaribia kuanguka mapema. Alimwendea baba yake kuomba mkopo, na baba alikubali kwa sharti: mchezo ukishindwa, kijana ataacha ndoto zake na kwenda kufanya kazi katika biashara ya bima ya familia. Mchezo haukushindwa. Kwa miaka mingi, kila majira ya baridi kabla msimu mpya haujaanza, wapenzi wa mchezo walisafiri hadi ofisi ya kampuni huko Glen Head, New York, wakapanga foleni nje ili wawe wa kwanza kupata kadi mpya.

Jinsi kadi inavyomhifadhi mtu

Ili tuelewe kwa nini watu wazima husimama kwenye baridi kwa ajili ya kadi, hatuna budi kueleza jinsi zinavyofanya kazi. Tuchukue mfano wa Roger Maris wa New York Yankees. Msimu wa 1961 aliupiga mpira nje ya uwanja mara 61, akaipita rekodi ya mara 60 iliyowekwa na Babe Ruth mwaka 1927. Mtengenezaji wa kadi huchukua takwimu kama hizo za msimu mzima, akazigeuza kuwa nafasi.

Katika Strat-O-Matic hurushwa dadu tatu, moja ikiwa na rangi tofauti. Dadu hiyo ikionyesha 1, 2 au 3, husomwa safu yenye namba hiyo kwenye kadi ya mpigaji. Ikionyesha 4, 5 au 6, husomwa kadi ya mrushaji. Dadu mbili zilizobaki hujumlishwa, na jumla yake, kuanzia 2 hadi 12, ndiyo inayoonyesha mstari wa kusoma. Kwa kuwa dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, kadi ya mpigaji ina nafasi 108 na ya mrushaji nafasi 108. Jumla ya 7 hupatikana kwa njia sita, ilhali 2 na 12 hupatikana kwa njia moja moja tu. Hivyo tendo lililoandikwa penye 7 lina uzito mara sita kuliko lililoandikwa penye 2. Watoto wengi wa Marekani waliijua hesabu ya uwezekano mezani nyumbani kabla ya kufundishwa na mwalimu yeyote.

Kwa utaratibu huu, kadi ya Maris wa 1961 itampa mchezaji wake Maris yule yule wa 1961. Katika mchezo mmoja anaweza kushindwa kabisa. Katika michezo 162, ambayo sasa ndiyo idadi ya kawaida ya msimu mmoja kwa timu, atakaribia kufanya aliyoyafanya kweli. Maris alifariki mwaka 1985, lakini kadi hiyo haikuzeeka. Mtu anaweza kumweka leo mbele ya mrushaji wa mwaka 1927 au wa mwaka 2010, akaona itakavyokuwa.

Masimulizi ya wazee

Kabla ya simu za mkononi, wachezaji walifahamiana kwa barua na kwa majarida madogo kama hili letu. APBA Journal lilianza mwaka 1967, na Strat-O-Matic Review mwaka 1971. Ligi za posta ziliwaunganisha watu waliokaa maelfu ya kilomita mbalimbali: mmoja aliandika maagizo ya timu yake, akayatia katika bahasha, na mwenzake akarusha dadu kwa niaba ya wote wawili na kurudisha matokeo kwa posta. Mfumo mzima ulisimama juu ya uaminifu. Mwaka 2005 Glenn Guzzo alitoa kitabu kiitwacho Strat-O-Matic Fanatics, kinachoeleza historia ya mchezo huo pamoja na maisha ya watu walioupenda.

Ukiyaweka masimulizi ya wazee hawa pamoja, utaona kwamba yanafuata njia inayofanana. Kwanza ni utoto: tangazo katika gazeti la michezo, fedha zilizowekwa akiba kwa wiki nyingi, na siku za kumsubiri mtu wa posta. Pili ni miaka ya kucheza, na kaka, na jirani, au peke yake chumbani, huku madaftari ya shule yakijaa takwimu za ligi ambazo hakuna mwingine aliyezijua. Tatu ni kuacha: masomo, jeshi, kazi, ndoa, na mara nyingi mama aliyezitupa kadi alipokuwa akisafisha nyumba. Nne ni kurudi. Mtu amefika umri wa miaka arobaini au sitini, ameachishwa kazi, amefiwa na mke, au mtoto wake amefika umri aliokuwa nao yeye alipoanza, na sanduku linafunguliwa tena.

Kwetu sisi walimu wa lugha, jambo la kuangaliwa ni namna masimulizi hayo yanavyosemwa. Wengi wa wasimulizi ni wanaume wa kizazi ambacho hakikufundishwa kusema wazi habari za huzuni. Mzee wa namna hiyo ukimuuliza kuhusu baba yake anaweza kunyamaza. Ukimuuliza ni timu gani alicheza nayo msimu wa 1968, atakutajia wachezaji mmoja mmoja, na katikati ya majina hayo atasema kwamba huo ndio mwaka baba yake alipolazwa, na kwamba walicheza kitandani hospitalini hadi alipokosa nguvu za kurusha dadu. Msimu umekuwa kalenda. Ndivyo wazee wetu wanavyotaja mwaka wa nzige au mwaka wa njaa kabla ya kutaja kuzaliwa kwa mtoto.

Upweke na uaminifu

Wapo wanaouona mchezo huu kuwa ni upweke wa watu waliokimbia maisha. Lawama hiyo ina ukweli wake, na waandishi wawili wa Marekani wanatusaidia kuipima.

Wa kwanza ni Jack Kerouac, mwandishi maarufu aliyefariki mwaka 1969. Alipokuwa kijana huko Lowell, Massachusetts, alibuni ligi yake mwenyewe ya besiboli. Timu alizipa majina ya magari, kama vile Pittsburgh Plymouths na St. Louis Cadillacs. Aliandika takwimu zao, akachapa taarifa za habari zao, na akaendelea na mchezo huo hata utu uzimani bila kuwaeleza wengi wa rafiki zake. Karatasi hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Umma ya New York, na mwaka 2009 kilitolewa kitabu kuzihusu. Kwa Kerouac, ligi ya siri ilikuwa pia shule ya uandishi: alijizoeza kuunda wahusika, kuwapa historia, na kuifuatilia miaka yao hadi mwisho.

Wa pili ni Robert Coover, aliyeandika riwaya ya The Universal Baseball Association, iliyotoka mwaka 1968. Mhusika mkuu, J. Henry Waugh, ni mhasibu anayeishi peke yake na kuendesha ligi ya dadu mezani kwake. Dadu zinaamua kwamba mrushaji kijana anayempenda kama mwanawe, Damon Rutherford, apigwe na mpira afe. Waugh analia kama aliyefiwa. Kisha anafanya jambo ambalo mchezaji wa mezani hatakiwi kulifanya: anazigeuza dadu kwa mkono wake ili alipize kisasi. Tangu hapo mstari kati ya ligi yake na akili yake unaanza kufutika.

Riwaya hiyo inagusa moyo wa mchezo. Anayecheza peke yake hurusha dadu kwa niaba ya timu zote mbili, na hakuna anayemwona. Akidanganya, amelidanganya daftari lake mwenyewe, na takwimu alizoziandika kwa miezi mingi zimepoteza maana. Kwa hiyo upweke huo una nidhamu ndani yake. Wazee wengi husimulia kwa fahari jinsi timu waliyoipenda ilivyoshindwa fainali kwa dadu moja mbaya, nao wakayaandika matokeo kama yalivyoanguka.

Viwanja vilipofungwa

Mara tatu katika kumbukumbu za wazee hawa, meza iliombwa kufanya kazi ya uwanja. Tarehe 12 Juni 1981 wachezaji wa ligi kuu waligoma, na michezo 713 ikafutwa kabla ya mgomo kwisha. Siku ambayo mchezo wa nyota wa ligi zote mbili ungefanyika katika uwanja wa Cleveland, mchezo huo ulichezwa uwanjani humo kwa kadi na dadu za Strat-O-Matic.

Mgomo wa pili ulianza tarehe 12 Agosti 1994, na safari hii fainali zenyewe zilifutwa. Timu ya Montreal Expos, iliyokuwa imeshinda michezo 74 na kushindwa 40, ilikuwa ikiongoza ligi zote kwa rekodi bora. Haikupata nafasi nyingine kama hiyo, na baada ya msimu wa 2004 ilihamishiwa Washington. Kwa wapenzi wake, njia pekee ya kuujua mwisho wa msimu wa 1994 ni kuumalizia mezani.

Mara ya tatu ni mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipochelewesha msimu hadi tarehe 23 Julai na kuupunguza kufikia michezo 60 kwa kila timu. Strat-O-Matic iliuchezesha msimu huo kwa kompyuta na kutangaza matokeo ya kila siku. Wazee waliofungiwa majumbani walikuwa tayari wanaujua upweke wa namna hiyo, na walikuwa na sanduku kabatini.

Walioachwa nje ya daftari

Sasa tulifikie swali la haki. Kuanzia miaka ya 1880 hadi mwaka 1947, wachezaji Weusi walizuiwa kucheza katika ligi kuu za Marekani kwa makubaliano ambayo hayakuandikwa katika sheria yoyote. Mwaka 1920 Rube Foster aliongoza kuundwa kwa ligi ya Weusi huko Kansas City, na nyingine zikafuata. Humo walicheza watu kama Josh Gibson, Oscar Charleston na Satchel Paige. Magazeti makubwa ya Wazungu hayakuyachapisha majedwali yao kwa ukamilifu. Magazeti ya Weusi, kama Chicago Defender na Pittsburgh Courier, yaliyachapisha kadiri yalivyoweza. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35. Miezi mitatu baadaye, tarehe 15 Aprili, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers na kuvunja kizuizi hicho.

Matokeo yake mezani yalikuwa dhahiri. Mtoto wa mwaka 1965 aliweza kumchezesha Babe Ruth, ambaye hakuwahi kumwona, kwa sababu takwimu zake zilikuwapo. Josh Gibson hakuweza kumchezesha kwa namna hiyo. Mtoto Mweusi aliyefungua sanduku lile lile hakuwakuta mashujaa ambao babu yake alimsimulia. Palipokosekana jedwali, palikosekana kadi. Na palipokosekana kadi, jina lilibaki kuwa hadithi ambayo wengine waliweza kuitilia shaka.

Kazi ya kurekebisha hali hiyo ilifanywa kwa sehemu kubwa na watafiti wa kujitolea, waliosoma magazeti ya zamani ukurasa kwa ukurasa na kuyakusanya majedwali yaliyotawanyika. Mwaka 2009 Strat-O-Matic, kwa kutumia utafiti wa Scott Simkus, ilitoa kadi za wachezaji zaidi ya 100 wa ligi za Weusi. Wazee waliokuwa wamecheza tangu utotoni waliweza sasa kumweka Gibson mbele ya warushaji ambao alinyimwa kukutana nao katika ligi yao. Tarehe 16 Desemba 2020 uongozi wa besiboli ya Marekani ulitangaza kwamba ligi saba za Weusi za miaka ya 1920 hadi 1948 zina hadhi ya ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu zake zikaingizwa katika kumbukumbu rasmi, na wastani wa upigaji wa Gibson, .372, ukaupita ule wa Ty Cobb, .367, uliokuwa juu kwa miongo mingi.

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu. Kadi haimrudishii Gibson miaka yake, wala haimfanyi aliyemfungia mlango kuwa hana hatia. Majedwali ya michezo mingi bado hayajapatikana. Lakini mfano huu unaonyesha kwamba daftari lililopotea linaweza kutafutwa, na kwamba wanaolitafuta mara nyingi ni watu wa kawaida wenye mapenzi na jambo lao.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba besiboli ya mezani imedumu kwa sababu inahifadhi kumbukumbu za aina mbili kwa pamoja: matendo ya wachezaji yaliyo kwenye kadi, na maisha ya wale waliozishika kadi hizo. Kumbukumbu ya kwanza ina takwimu za kuilinda. Ya pili ina sauti za wazee tu, na wazee hao wanapungua kila mwaka. Watoto wao wanarithi masanduku bila kujua ni kwa nini kadi fulani imechakaa kuliko nyingine.

Kwa wanafunzi wetu wanaopewa kazi ya kukusanya tawasifu na masimulizi ya wazee, tunapendekeza wajifunze kutokana na mfano huu. Swali la "tusimulie maisha yako" huwafanya wazee wengi wajibu kwa kifupi. Mwanafunzi aanze na kitu ambacho mzee alikipenda kwa muda mrefu: ubao wa omweso, karata, timu ya mpira ya mtaa, redio ya kwanza. Aulize kinavyochezwa au kinavyotumika, amwache mzee afundishe, na aandike kila jina, mahali na mwaka unaotajwa, hata kama hauonekani kuwa na uzito. Kisha amsomee mzee alichokiandika ili asahihishe. Walimu wenzetu watakaoijaribu kazi hii muhula ujao wanaombwa watuletee madaftari ya wanafunzi wao, tuyahifadhi katika idara.